Kabla ya Kupaka Rangi Kabati la Zamani

Kabati la vyombo likichakaa, wengi wetu hapa Mwanza tunajua njia mbili tu. Ya kwanza ni kumwita kijana mwenye kompresa: apige msasa juu juu, apulize vanishi ya kahawia iliyokolea, na kabla ya magharibi kabati limerudi sebuleni linang'aa. Ya pili ni kuliuza kwa bei ya kutupa na kununua jipya la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, lile ambalo miguu yake ikilowa mara mbili tatu wakati wa kudeki huvimba na haisinyai tena. Hilo jipya likishavimba halitengenezeki. Na lile lililopuliziwa vanishi juu ya uchafu litabambuka tu, kwa kawaida kuanzia ukingo wa mlango, mahali mikono inaposhika kila siku.

Ipo njia ya tatu: kuifanya kazi mwenyewe nyuma ya nyumba, iwe Buzuruga, Nyakato, Mahina au popote ulipo, kwa zana chache na subira nyingi. Nasisitiza subira kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii haihusiani na brashi. Ni kuosha, kukwaruza, kungoja ikauke, kupiga msasa, kungoja tena. Anayeanza kwa kununua kopo la rangi ameanzia mwisho. Nitakwenda mbali zaidi: samani nyingi zinazopakwa rangi hazikuhitaji rangi hata kidogo. Zilihitaji kuoshwa.

Jua umeshika mbao gani

Geuza meza miguu juu, au chomoa droo uangalie mgongo wake, pale ambapo vanishi haikufika. Mninga utautambua kwa rangi ya kahawia inayokwenda kwenye wekundu au dhahabu, yenye michirizi, na kwa kuwa ni mwepesi kuliko unavyotarajia kwa mbao ngumu. Mara nyingi pembeni utakuta utepe wa manjano hafifu, ndiyo sehemu ya nje ya gogo. Mvule ukipasuliwa huwa na umanjano, lakini uliokaa miaka mingi hukolea ukawa kahawia nzito. Nyuzi zake hupishana, safu moja inaelekea huku na nyingine kule, ndiyo maana randa huunyofoa badala ya kuulainisha. Mkongo ni mzito na una wekundu. Paini ni nyeupe, ina macho, na ukiikandamiza kwa ukucha inabonyea.

Tofauti hizi zina maana kwenye mfuko wako. Paini inapandwa, kanda hii ina mashamba ya miti ya Buhindi, upande wa Sengerema na Buchosa, na Rubya kule Ukerewe, yote chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga ni mti wa misitu ya miombo, wa Tabora, Katavi na kwingineko, na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Sifa yake kubwa ni utulivu: ukishakauka vizuri hausinyai wala kuvimba sana hewa inapobadilika. Kwa mji ulioko kando ya ziwa hiyo ni sifa ya thamani. Kwa hiyo kitanda cha mninga kilicholegea, chenye vanishi iliyokufa, bado ni mali, na kazi ya kukifufua ni ndogo kuliko gharama ya kununua kingine cha mbao ileile.

Kuna na zile meza nzito za ofisi. Kanda hii iliwahi kuwa na fedha ya pamba. Shirikisho la vyama vya ushirika vya huku liliundwa mwaka 1955 likiongozwa na Paul Bomani, na siku hizo meza ya karani ilikuwa meza ya mbao ngumu, kwani hizi za unga wa mbao zilikuwa bado hazijajaza maduka. Meza za rika hilo utakutana nazo kwenye nyumba za wastaafu na kwenye minada, zikiwa na droo ambazo pembe zake zimeunganishwa kwa meno yanayoumana, bila msumari hata mmoja. Ukiona meno hayo, tulia. Aliyeitengeneza alikuwa fundi, na wewe kazi yako ni kumwondolea uchafu tu.

Angalia pia kama juu ya meza ni mbao kamili au ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya mbao hafifu. Tazama ukingo: kama michirizi ya juu haiendelei kwenye ncha ya ubao, hiyo ni vinia. Msasa wa namba 80 unaitoboa kwa dakika chache, na ikishatoboka hakuna dawa.

Kuna vitu ambavyo ningeomba usiviguse kabisa. Kiti cha jadi cha kuchongwa kutoka gogo moja, kilichong'arishwa kwa kukaliwa na kushikwa na vizazi, ukikipiga msasa umekifuta. Nenda Bujora, Kisesa, hapo hapo barabara ya Musoma, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Kuna jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Jamii iliyoheshimu kiti kiasi cha kukijengea nyumba kwa umbo lake haikukusudia kipakwe glosi nyeupe kwa sababu video fulani ya mtandaoni ilionyesha hivyo. Kiti cha namna hiyo kipanguse vumbi, kipake nta, kiache. Viti vya enzi vya pwani, vyenye nakshi za pembe, ni hivyo hivyo.

Wageni waliomo ndani

Samani ya kununua, hasa kitanda, isiingie ndani siku hiyo hiyo. Kagua viungo, mashimo ya skrubu na nyufa kwa tochi. Madoa madogo meusi yaliyopangana kwenye nyufa ni ya kunguni. Watu wengi humwagia maji yanayochemka, na kunguni hufa kweli, lakini jua kwamba vitanda na viti vya zamani viliunganishwa kwa gundi ya wanyama, na gundi hiyo maji ya moto huiyeyusha. Utaua kunguni na kitanda kitatawanyika. Kama utatumia maji ya moto, kifungue kwanza kipande kipande, kisha ujiandae kukigundisha upya.

Vitobo vya mviringo vyenye unga laini unaodondoka ni kazi ya bungua. Unga ukiendelea kudondoka baada ya kuufagia, wamo hai. Paka dawa ya wadudu wa mbao kwa brashi, kisha ingiza kwa sindano kwenye vitobo, fanya hivyo kabla ya vanishi, maana vanishi huziba njia na dawa haiingii. Bungua hupenda sana ile sehemu ya nje ya gogo niliyoitaja, ndiyo maana utakuta upande mmoja wa ubao umeliwa na mwingine mzima. Mchwa ni habari nyingine: mguu uliokwisha kuliwa ndani ukatwe na kuungwa mbao mpya. Puti haibebi uzito.

Kitu kimoja kinawakosesha watu usingizi bila kujua chanzo chake: oili chafu. Chaga za vitanda na migongo ya makabati mengi hupakwa oili iliyomwagwa kutoka kwenye magari ili kuzuia mchwa. Hakuna rangi wala vanishi itakayoshika juu yake. Itabaki inanata miezi. Ifute kwa thina mara nyingi, ukibadilisha kitambaa kila mara, kisha ifunge kwa mikono miwili ya shelaki, ambayo nitaieleza hapa chini, kabla ya kitu kingine chochote.

Osha, halafu uliza swali

Chukua maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Chovya kitambaa, kamua mpaka kisidondoshe, futa, fuatisha na kitambaa kikavu papo hapo. Usimwage maji juu ya mbao. Moshi wa mkaa na wa taa, mafuta ya mikono, mafuta ya kupikia, vumbi la barabarani lililogandia, vyote hivyo vimeweka ngozi juu ya vanishi, na ngozi hiyo ndiyo unayoiona ukadhani mbao imezeeka. Baada ya sabuni, futa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Utashangaa kitambaa kinavyotoka cheusi. Acha ikauke siku nzima kivulini. Juani, ubao uliolowa upande mmoja hupinda.

Sasa uliza ni nini kimepakwa humo. Chagua sehemu iliyojificha, chini ya ukingo, uguse kwa pamba yenye spiriti. Ikianza kunata ndani ya dakika moja, hiyo ni shelaki. Isiponata, jaribu thina: ikiyeyuka ni ile klia ya kupuliza. Isipoyeyuka kwa vyote viwili, una vanishi ya mafuta au ya poliyurethini.

Jaribio hili linaokoa wiki ya kazi. Shelaki ya zamani iliyopasuka-pasuka haihitaji kubambuliwa. Ni utomvu wa mdudu wa India, unauzwa ukiwa vigamba, unayeyuka kwenye spiriti na unaendelea kuyeyuka kwenye spiriti hata baada ya miaka 50. Kwa hiyo chovya brashi laini kwenye spiriti, pitisha polepole kufuata nyuzi, mikunjo itayeyuka na kujilaza upya. Acha ikauke, kisha ongeza mkono mmoja au miwili ya shelaki mpya. Kazi ya asubuhi moja, bila msasa.

Alama juu ya meza nazo zina lugha yake. Duara jeupe lililoachwa na sufuria ya ugali au kikombe cha chai ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Mbao chini yake ni nzima. Changanya jivu la mkaa lililochekechwa kwa chujio laini na matone ya mafuta ya kula, sugua taratibu kwa kitambaa, futa, tazama, rudia. Duara jeusi ni jambo zito zaidi: maji yameingia kwenye mbao yenyewe na kukutana na chuma, cha msumari au cha kopo lenye kutu. Hilo halitoki mpaka uondoe vanishi, na hata hapo limau litalififisha tu. Mimi huwa nashauri lisipoisha liachwe. Meza ya miaka 60 isiyo na alama inatia shaka.

Kama vanishi imebambuka vipande vipande

Hapo ndipo kubambua kunapostahili, na si kabla. Zana bora ni ya bei ndogo kuliko zote: skrepa yenye ncha iliyonyooka, au kipande cha kioo cha dirisha kama walivyotumia maseremala wa zamani, ukikishika kwa glavu nene na kukiegemeza kuelekea kwako. Kioo hukata ganda jembamba na kuacha uso laini kuliko msasa.

Dawa za kutoa rangi zipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Soma kopo. Zikiwa na methilini kloridi, achana nazo. Mvuke wake umeua watu waliofanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa, na Marekani ilikataza mwaka 2019 dawa za aina hiyo zisiuzwe kwa watumiaji wa nyumbani. Wengine hutumia kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Inatoa rangi, ndiyo, lakini inaunguza ngozi na macho, na kwenye mbao ngumu zenye asili ya ukakasi huacha weusi usiotoka.

Rangi ya zamani yenyewe inaweza kuwa na madini ya risasi, hasa rangi za mafuta za manjano, nyekundu na kijani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto. Kwa hiyo rangi ya mashaka usiipige msasa mkavu. Ilowanishe, tumia msasa wa maji, okota mabaki yote kwenye gazeti, na watoto wawe kwa jirani siku hiyo. Vaa barakoa hata kama hakuna rangi: vumbi la mvule na la mninga huwasha pua na kifua, na kuna mafundi waliopata pumu kwa sababu yake.

Msasa una mpangilio. Anza na namba 120, nenda 180, malizia 240, siku zote ukifuata nyuzi. Namba 80 ni kwa mbao iliyoharibika vibaya tu. Mkwaruzo wa kukata nyuzi hauonekani mbao ikiwa kavu. Unajitokeza pale unapopaka vanishi, ukiwa umechelewa. Kwa hiyo kabla ya kupaka, futa ubao kwa kitambaa chenye spiriti na uutazame kwa pembeni, mwanga ukitoka dirishani. Hivyo ndivyo utakavyoonekana baada ya vanishi. Kwa msaji, ambao una mafuta yake, ufutaji huo pia husaidia vanishi kushika.

Viungo vinavyocheza virekebishwe sasa. Usipige msumari. Msumari kwenye kiungo cha kiti hupasua ulimi wa mbao na kumfungia mlango fundi atakayekuja baadaye. Fungua kiungo, kwarua gundi ya zamani mpaka uone mbao, weka gundi mpya ya mbao, funga kwa klampu. Kama huna klampu, kata utepe wa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, uzungushe kiti kwa kuukaza, uache mpaka kesho. Nimeona karakana za barabarani zenye mashine nzuri zikitumia mpira huo huo.

Ziwa lina ratiba yake

Maelekezo ya kopo husema ipake mahali pasipo na vumbi, penye hewa. Aliyeyaandika hajaishi hatua chache kutoka barabara ya Musoma. Hapa una mambo matatu ya kupanga: mvua, upepo na wadudu.

Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Agosti, kiangazi, hewa ikiwa kavu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, vanishi ya mafuta hukauka pole pole sana, na klia ya kupuliza huleta ukungu mweupe. Sababu ni rahisi: thina inaporuka kwa kasi hupooza uso wa mbao, mvuke wa hewani unatua juu yake na kunaswa ndani. Ukipata ukungu huo, subiri siku kavu, kisha pitisha thina nyembamba juu yake. Mara nyingi huondoka.

Upepo wa ziwani huanza kuingia mchana jua likishapasha nchi kavu, na ndio unaoinua vumbi la mitaani. Paka kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, baada ya umande kukauka. Mwagia maji uwanja kwanza ili vumbi litulie, nusu saa kabla. Kisha lile linalouma zaidi: wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaotoka majini kwa mawingu na kukimbilia taa. Ukipaka jioni na kuwasha balbu barazani, asubuhi utakuta meza ina manyoya. Hakikisha imekauka kiasi cha kutoshika vumbi kabla ya magharibi, au iwe ndani ya chumba kisicho na taa. Wakishanata, usiwaokote vanishi ikiwa mbichi. Acha ikauke, wapitie kwa msasa namba 320, paka mkono mwingine.

Vanishi, nta, au rangi

Kwa meza ya chakula, vanishi ya poliyurethini, mikono mitatu. Mkono wa kwanza uchanganye na tapentaini kidogo uingie kwenye mbao. Msasa wa namba 320 kati ya mkono na mkono. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo meza ya kawaida na miguu yake haimalizi lita. Usipunguze vanishi kwa mafuta ya taa, ingawa ndiyo desturi ya wengi. Yanaacha unyevu wa mafuta na vanishi inakaa laini kwa wiki. Petroli usiitaje kabisa. Mvule mara nyingine hugoma kukausha vanishi ya mafuta kwa sababu ya utomvu wake. Mkono mmoja wa shelaki chini yake unamaliza ugomvi.

Kwa kabati, kitanda au kiti ambacho hakimwagikiwi maji, mimi ningechagua nta. Tanzania ni nchi ya nta ya nyuki; Tabora na jirani zake wamekuwa wakiiuza nje tangu enzi za ukoloni, na sisi tunanunua polishi za makopo zilizotengenezwa ng'ambo. Kata nta sehemu moja, tapentaini sehemu tatu, weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa jikoni. Usiiweke juu ya jiko lenye moto, tapentaini inawaka. Ikipoa itakuwa laini kiasi cha kuchotwa kwa kidole. Paka kidogo, acha nusu saa, ng'arisha kwa kitambaa cha pamba. Mninga uliopakwa nta hung'aa kutoka ndani, hali hiyo vanishi nene haijawahi kuifikia.

Sasa rangi. Nimeichelewesha makusudi. Rangi inafaa pale ambapo mbao haina cha kuonyesha: paini yenye madoa, mkaratusi uliopasuka, plaiwudi, kabati lililoungwa kwa mbao za aina tatu. Kwa vitu hivyo ni baraka, na kabati la paini lililopakwa bluu vizuri linapendeza kuliko lile lililopuliziwa vanishi ya kujifanya mninga. Macho ya paini yafunge kwa shelaki kwanza, la sivyo utomvu wake utatokeza madoa ya njano katikati ya rangi yako nyeupe. Kisha praima, kisha rangi ya mafuta mikono miwili, myembamba. Rangi nene huteremka na kukunjamana.

Rangi ya ukutani isitumike juu ya meza. Kwa joto letu haiwi ngumu kamwe. Ukiweka sahani usiku, asubuhi inainuka na rangi. Kuna pia mtindo wa rangi ya chaki, ile isiyong'aa, aliyoitengeneza Mwingereza Annie Sloan mwaka 1990 na ambayo sasa imejaa mitandaoni. Inashika juu ya karibu kila kitu bila msasa, ndiyo siri ya umaarufu wake. Lakini inahitaji kufunikwa kwa nta, na nta haihimili sufuria ya moto. Kwa fremu ya kioo au kabati la nguo, sawa. Kwa meza ya familia yenye watoto, utajuta.

Na mninga je? Wapo wanaotaka kuupaka rangi nyeupe ili ulingane na makochi mapya. Mti huo ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na wekundu wa mbao yake hupenya rangi ya maji. Baada ya muda kabati lako jeupe litakuwa na madoa ya waridi. Unaweza kuuzuia kwa shelaki. Ningependa zaidi ubadilishane kabati hilo na mtu mwenye la paini.

Vitambaa ulivyotumia kwa mafuta ya linsidi au vanishi ya mafuta usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vianike kimoja kimoja juu ya waya hadi vikakamae. Thina iliyobaki usiimwage mtaroni. Mifereji ya mji huu inaishia ziwani, na tunakunywa humo humo. Iache kwenye chupa iliyofungwa: rangi huzama, ya juu inakuwa safi, unaitumia tena.

Meza iliyopigwa vanishi ya mafuta unaweza kuigusa kesho yake, lakini haijakomaa. Ipe wiki mbili kabla ya vyombo vya moto, na kipindi cha mvua iongezee. Kitambaa cha plastiki, kile chenye maua kinachouzwa kwa mita, kikae mbali kwa angalau mwezi, maana hunata kwenye vanishi changa na kukitoa ni kutoa vyote viwili. Vya kufuma kwa uzi havina shida hiyo, vitandikwe wiki ya tatu.